Sura ya 7: Bilauri Isiyo na Jina

Sehemu kubwa ya vioo vya kale vya Bohemia haina jina. Utaipindua bilauri, jagi au chupa ya manukato, utapitisha kidole kitakoni, utaisogeza penye mwanga, na hutaona muhuri wala saini. Wapo wanaokata tamaa hapo. Wengine hufanya jambo baya zaidi: hukimbilia jina kubwa walilolisikia mnadani, wakalibandika juu ya kitu ambacho hakikulibeba kamwe. Mimi nashikilia kwamba kioo chenyewe kinaweza kuhojiwa, na kwamba kikihojiwa kwa utaratibu hutoa majibu mengi kuliko saini.

Jina halipo kwa sababu ya jinsi kazi ilivyogawanywa. Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya magharibi ya Jamhuri ya Cheki, imezungukwa na milima yenye misitu: Šumava upande wa kusini-magharibi, Jizera na Krkonoše upande wa kaskazini. Tanuri zilijengwa huko msituni, karibu na kuni. Wapuliza kioo walitoa bilauri tupu, na nyingi kati ya hizo zikapelekwa kwenye miji ya kaskazini, hasa Nový Bor na Kamenický Šenov. Huko walikuwapo wafanyabiashara wasiomiliki hata tanuri moja. Walinunua bilauri tupu kutoka tanuri hii na ile, wakazigawa kwa mafundi waliofanya kazi majumbani mwao: huyu anakata pembe, yule anachonga picha, mwingine anapaka rangi na dhahabu. Kisha mzigo ulirudi ghalani, ukafungwa, ukasafirishwa mbali. Tayari katika karne ya 18 wafanyabiashara hao walikuwa na nyumba za biashara Hispania, Ureno na Uturuki.

Sasa jina la nani liandikwe kitakoni? La aliyepuliza, la aliyechonga, au la tajiri aliyelipa nauli? Swali la "nani alikitengeneza?" mara nyingi halikuwa na jibu moja hata siku kioo kilipouzwa kikiwa kipya. Maswali yenye majibu ni mengine: kimeyeyushwa kwa vitu gani, kimefanyiwa kazi kwa chombo gani, rangi yake ilianza kujulikana lini, picha yake inaonyesha nini. Kila jibu hutoa mwaka ambao kioo hicho hakiwezi kuwa kimetangulia. Mpaka huo wa chini ndio nguzo ya kazi yote. Anayeutafuta kwanza hapotei mbali.

Tuanze na majivu. Mchanga peke yake hauyeyuki kwa moto wa kuni. Unahitaji kitu cha kuulainisha. Venice walitumia magadi yaliyotokana na majivu ya mimea ya pwani, na kioo chao kikawa laini, chembamba, chenye kuvutwa na kupindwa. Watu wa msituni hawakuwa na bahari. Walichoma miti, wakachuja majivu yake, wakapata potashi. Kwa karne nyingi kioo chao kilikuwa cha kijani kwa sababu ya chuma kilichomo mchangani. Kuelekea mwisho wa karne ya 17 walipata mchanganyiko mpya wa potashi na chokaa. Michael Müller, bwana wa tanuri huko Šumava, hutajwa kuwa alifanikiwa mwaka 1683. Kioo hicho kilikuwa cheupe, kigumu na kinene, nacho kilivumilia gurudumu la mchongaji kama jiwe linavyovumilia. Hapo ndipo sifa ya Bohemia ilipoanzia. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1674, George Ravenscroft wa London alikuwa amepata hataza ya kioo chake, na muda si mrefu kioo cha Kiingereza kikawa cha risasi: kizito, chenye kung'aa na kulia kwa sauti ndefu kikigongwa.

Tofauti kati ya familia hizi mbili hupimika nyumbani. Pima bilauri ikiwa kavu. Kisha weka ndoo ya maji juu ya mizani ya jikoni, irudishe mizani kwenye sifuri, funga bilauri kwa uzi na uitumbukize yote bila kugusa kitako wala ukuta wa ndoo. Hakikisha hakuna hewa iliyonaswa ndani. Namba itakayoonekana ni gramu za maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Bilauri ya gramu 300 ikisukuma gramu 120 za maji, jibu ni 2.5, na hicho ni kioo cha potashi au cha magadi. Jibu likikaribia 3, kuna risasi nyingi. Kipimo hiki nakipenda kuliko kile cha kugonga kwa kucha na kusikiliza, kwa sababu kioo kizuri cha potashi nacho hulia vizuri, na sikio la anayetaka kununua husikia linachokitaka.

Lakini kipimo hicho hakithibitishi Bohemia. Kinaondoa tu sehemu ya dhana. Silesia, Saxony, Bavaria na Ubelgiji nako kuliyeyushwa kioo chepesi; na viwanda vya Bohemia navyo vilitengeneza kioo cha risasi, hasa katika karne ya 20. Kwa hiyo andika jibu daftarini, uendelee.

Vitabu vingi vya Kiingereza humfundisha msomaji kutazama kovu katikati ya kitako, pale fimbo ya chuma ilipoushika mwili wa kioo wakati mdomo ukimaliziwa motoni. Kovu kali, wanasema, ni la zamani. Lililosuguliwa likawa kibonde laini ni la baadaye. Pasipo kovu ni baada ya katikati ya karne ya 19. Kanuni hiyo imetokana na vioo vya Uingereza, na ukiihamishia Bohemia itakudanganya. Mafundi wa Bohemia walizoea kukiacha kioo kipoe kikiwa na kichwa cha ziada, wakakata kichwa hicho, kisha wakausugua mdomo kwa gurudumu hadi uwe bapa. Bilauri ya namna hiyo huenda haikuhitaji fimbo kabisa. Na ile iliyokatwa pembe mara nyingi ilisuguliwa kitako chote, kovu likaondoka pamoja na vumbi. Basi usome mdomo badala ya kitako. Pitisha ukucha taratibu: mdomo uliosuguliwa una kingo mbili zinazohisika, wa ndani na wa nje, na juu yake ni bapa. Uliomaliziwa motoni umeviringika kama tone. Mdomo bapa ni dalili nzuri ya desturi ya Ulaya ya Kati, ingawa si hati ya kuzaliwa.

Kitako kina jambo lingine la kusema, nalo ni umri wa matumizi. Kioo kilichowekwa na kuinuliwa juu ya meza kwa miaka mia na hamsini huwa na mikwaruzo isiyo na mpango: mirefu na mifupi, inayokatizana, mipya juu ya mizee, na yote iko pale tu kitako kinapogusa meza. Mwenye kutaka kukizeesha kioo kipya hukisugua kwa msasa. Kwa lenzi ya kukuzia mara kumi utaona mistari inayokwenda upande mmoja, tena imeingia hata kwenye kibonde ambacho meza haiwezi kukigusa. Dhahabu nayo huisha kwa mantiki: kwenye ukingo wa mdomo, kwenye pembe zilizotokeza, pale vidole vinaposhika. Dhahabu iliyochakaa mahali pasipoguswa na mkono wala kitambaa inataka maelezo.

Katika nakshi, chombo huacha alama yake. Uchongaji wa Bohemia ni wa gurudumu: visahani vidogo vya shaba vinavyozungushwa, vikipakwa mafuta na unga wa jiwe gumu, na fundi akikisukuma kioo kutoka chini. Ufundi huo ulitoka kwa wachonga vito. Caspar Lehmann, mchonga vito wa Kaizari Rudolf II huko Prague, aliuhamishia kwenye kioo, na mwaka 1609 Kaizari akampa haki ya pekee ya kuufanya. Yeye aliweka saini; bilauri yake ya mwaka 1605 inajulikana. Dominik Biemann, aliyechonga nyuso za watu huko Prague na katika mji wa chemchemi wa Františkovy Lázně katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, naye alitia saini kazi zake nyingi. Watu hawa walikuwa wasanii waliofuatwa na wateja kwa majina yao. Maelfu ya wachongaji wengine hawakuwa na nafasi hiyo, na baadhi yao, nathubutu kusema, mikono yao haikuwa duni.

Alama ya gurudumu ni mtaro wenye mwanzo mwembamba, tumbo na mwisho mwembamba, na chini yake kuna mistari midogo ya mzunguko. Picha iliyoliwa kwa asidi ina kina kimoja kila mahali na ukingo uliomong'onyoka. Njia hiyo ilienea kibiashara tangu katikati ya karne ya 19. Iliyopigwa kwa mchanga ina chembechembe kama barafu ya friji. Pembe zilizokatwa nazo zitazame: zilizong'arishwa kwa mkono, kwa gurudumu la mbao na unga laini, zina kingo kali zinazokaribia kukata kidole. Zilizong'arishwa kwa kuchovywa kwenye asidi, jambo la karibu na mwaka 1900 na baada yake, zina kingo zilizolegea na uso wenye mawimbi hafifu kama nta.

Sasa tufike kwenye rangi, mahali ambapo Bohemia inasomeka kuliko nchi yoyote nyingine ya kioo, kwa kuwa katika miaka thelathini hivi, kati ya 1815 na 1848, mafundi wake walishindana kuvumbua rangi. Wateja wa tabaka la kati walikuwa wakiongezeka, na kioo cheupe cha Kiingereza kilichokatwa kilikuwa kimewanyang'anya soko. Wakajibu kwa rangi.

Bwana Georg von Buquoy, kabaila wa kusini mwa Bohemia, alitoa kioo kizito cheusi kiitwacho hyalith mwaka 1817, kikapambwa kwa dhahabu. Huko kaskazini, Friedrich Egermann, aliyeishi kati ya 1777 na 1864, alitumia maisha yake yote kujaribu. Karibu na mwaka 1820 alipata rangi ya manjano kutokana na fedha. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1820 akatoa kioo chenye mishipa na madoa kama ya jiwe la akiki, alichokiita Lithyalin. Na mwaka 1832 akapata ile iliyobadilisha biashara ya mji mzima wa Nový Bor: rangi nyekundu ya shaba, ya kupaka na kuchoma.

Nataka tukae kidogo kwenye wekundu huu, maana ndio unaoletwa mara nyingi zaidi mbele ya mtu anayejua vioo. Kabla yake, kioo chekundu cha thamani kilikuwa cha dhahabu, kama kile alichokifanya Johann Kunckel huko Potsdam kuelekea mwisho wa karne ya 17. Kiliyeyushwa na rangi yake ndani, kikawa ghali na kigumu kukitawala. Egermann alifanya jambo jingine. Bilauri nyeupe iliyokwisha kukatwa ilipakwa rojo lenye shaba, ikachomwa kwenye tanuri ndogo, ikasafishwa, ikachomwa tena, hadi wekundu ukaingia kwenye ngozi ya kioo. Tabaka hilo ni jembamba mno. Mchongaji akigusa tu kwa gurudumu, weupe unatokea, na picha ya paa, ngome au mzabibu inasimama nyeupe juu ya nyekundu.

Kwa hiyo, ukiwa na bilauri nyekundu mkononi, nenda moja kwa moja kwenye ukingo wa mchoro na ulitazame tabaka kwa lenzi. Kama wekundu unakoma ghafla bila unene wowote, kana kwamba ni kivuli juu ya ngozi, ni rangi ya kupakwa na kuchomwa, na bilauri haiwezi kuwa kabla ya 1832. Kama ukingo una ngazi, yaani unaona unene wa kioo chekundu kimekaa juu ya kioo cheupe, basi ni vioo viwili vilivyopulizwa pamoja, mtindo uliopendwa sana tangu miaka ya 1830 na 1840, wakati mwingine na tabaka la maziwa katikati. Kama wekundu umepita mwili mzima, tazama mwelekeo wake: wa dhahabu huelekea waridi na zambarau, wa shaba ni mzito wenye kuelekea kahawia penye unene. Na wekundu mkali wa taa ya gari, unaokaribia rangi ya chungwa, ni wa seleniamu. Huo ulianza kutumika mwishoni mwa karne ya 19, na mtu akikuambia ni wa 1840 mshukuru na uondoke.

Shida ni kwamba mpaka wa chini wa 1832 hauna mpaka wa juu. Bilauri nyekundu za paa na msitu zilitengenezwa kwa wingi katika nusu ya pili ya karne ya 19, zikatengenezwa katika karne ya 20, na Nový Bor hadi sasa kuna wanaozitengeneza kwa jina la Egermann mwenyewe. Hapa inabidi utazame mkono. Kazi ya miaka ya 1840 ina mnyama mwenye misuli, mwenye uzito miguuni, na mti wenye majani yaliyokatwa moja moja. Karl Pfohl, mchongaji wa Kamenický Šenov, alichonga farasi wanaokimbia kwa ustadi ambao hakuna anayeweza kuuharakisha. Kazi ya baadaye, iliyolipwa kwa idadi, ina paa wa mapigo machache na miti ya zigizaga. Wala Bohemia haikuwa peke yake: Marekani, kiwanda cha New England Glass Company kilikuwa na mchongaji mzaliwa wa Ujerumani, Louis Vaupel, aliyechonga vioo vyekundu ambavyo wengi wamevichukua kuwa vya Bohemia.

Rangi ya urani ina kisa kirefu. Martin Klaproth wa Berlin aliitambua urani mwaka 1789 katika mawe meusi. Machimbo mashuhuri ya mawe hayo yalikuwa Jáchymov, ndani ya Bohemia. Katika miaka ya 1830 akina Riedel, wenye tanuri katika milima ya Jizera, walitoa kioo cha manjano na cha kijani chenye kuwaka kwa ndani, wakakiita kwa jina la Anna, mwanamke wa ukoo wao: Annagelb na Annagrün. Mabaki ya mawe ya Jáchymov yaliyosalia baada ya kutolewa urani ya kutengenezea rangi za vioo na vyombo vya udongo ndiyo Marie na Pierre Curie waliyoyaomba wakayachemsha kutafuta radiamu. Chini ya taa ndogo ya urujuanimno, kioo cha urani huwaka kijani kikali, na hakuna haja ya utaalamu kuliona jambo hilo. Usiuchanganye mwako huo na ule hafifu wa manganisi, madini yaliyotiwa kwenye vioo vyeupe vingi kuua ukijani. Na ujue kwamba Waingereza, Wafaransa na Wamarekani nao walitumia urani. Taa inasema "baada ya 1830 hivi". Haisemi "Riedel".

Rangi moja hutoa tarehe safi kuliko zote. Kuna vioo ambavyo kwenye mwanga wa jua ni vya zambarau iliyopauka, na ukiviingiza chini ya taa ya tyubu ya ofisini vinageuka samawati. Vina neodimiamu, metali iliyotengwa mwaka 1885 na Carl Auer von Welsbach. Kiwanda cha Moser cha Karlovy Vary, kilichotokana na duka alilofungua Ludwig Moser mwaka 1857, kilianza kukiuza kioo hicho mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa jina la Alexandrit. Kioo kinachobadilika hivyo kikiuzwa kama cha karne ya 19, hakuna mjadala.

Picha nazo ni mashahidi. Miji ya chemchemi ya Bohemia, Karlovy Vary, Mariánské Lázně, Františkovy Lázně na Teplice, ilipokea wageni wa Ulaya nzima waliokwenda kunywa maji ya dawa, na kila mgeni alitaka bilauri ya kumbukumbu yenye sura ya mji. Majengo yana miaka. Baraza ndefu ya nguzo za mawe ya Karlovy Vary, iliyosanifiwa na Josef Zítek, ilijengwa kati ya 1871 na 1881. Banda la chuma la chemchemi kuu ya mji huohuo lilisimama mwaka 1879 na kubomolewa 1939. Baraza ya chuma ya Mariánské Lázně ni ya 1889. Jengo likionekana kwenye bilauri, bilauri haikutangulia jengo. Lakini lisipoonekana usikimbilie kusema ni ya kabla, kwa kuwa wachongaji walinakili picha za karatasi, na karatasi moja iliweza kukaa mezani miaka mingi baada ya mji kubadilika.

Tarehe zilizoandikwa kwenye kioo ndizo za kutiliwa shaka kuliko zote. Kuna magilasi marefu ya mviringo, yamepakwa rangi ya tai wa dola na ngao zake, yenye mwaka wa karne ya 16 au 17. Ya kweli yapo, na ni ya thamani kubwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Ulaya ya Kati ilishikwa na mapenzi ya mambo ya kale, na kiwanda cha Fritz Heckert huko Petersdorf, Silesia, kilichoanzishwa 1866, kilitengeneza mengi ya mtindo huo pamoja na tarehe zake za kale. Hayakuwa ulaghai yalipotoka kiwandani. Yamekuwa ulaghai mikononi mwa waliofuata. Kioo cha karne ya 17 kina viputo, kina rangi ya moshi au kijani, na unene wake haulingani. Cha Heckert mara nyingi ni safi mno. Vivyo hivyo vioo vya kuta mbili vyenye jani la dhahabu katikati, fahari ya Bohemia kati ya 1725 na 1755 hivi, viliigwa tena baadaye.

Na kuna uigaji ambao hata si uigaji. Mwaka 1934 Henry Schlevogt wa Jablonec alionyesha kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig vioo vya kushindiliwa katika kalibu, vya kijani chenye mishipa kama jiwe la malakiti, akavipa jina la binti yake, Ingrid. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kalibu zilibaki, na vioo vikaendelea kutoka ndani ya kalibu zilezile. Sura ni ileile kabisa. Kinachobaki kutazamwa ni umaliziaji: vya miaka ya 1930 vimesuguliwa mshono na kung'arishwa kitako kwa uangalifu, vya baadaye mara nyingi havikupewa muda huo.

Wengi husema kwamba kisicho na alama lazima kiwe cha kabla ya 1891, wakikumbuka sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 iliyotaka bidhaa zionyeshe nchi zilikotoka. Hoja hiyo ina kasoro. Sheria ilihusu bidhaa zilizoingia Marekani tu, na karatasi iliyobandikwa ilitosha. Karatasi huoshwa na maji ya kwanza. Kilichokwenda Cairo au Istanbul hakikuhusika. Alama ikiwapo inasaidia: "Austria", enzi Bohemia ikiwa chini yake, ni kabla ya 1918, "Czechoslovakia" ni baada yake. Isipokuwapo haisemi chochote.

Mfano mzuri wa hatari ya majina ni vioo vyenye kumetameta kama mafuta juu ya maji. Kampuni ya Loetz ya Klášterský Mlýn, chini ya Max von Spaun aliyeichukua mwaka 1879, ilipata tuzo kuu kwenye maonyesho ya Paris ya 1900 kwa vioo hivyo. Sehemu kubwa ya kazi zake haina saini. Basi kwa miaka mingi kila jagi la maua lenye kumetameta lilipewa jina la Loetz, wakati viwanda vya Kralik, Rindskopf na Pallme-König navyo vilikuwa vikitoa mitindo ya karibu. Kilichosaidia ni karatasi: mikato ya umbo la kila chombo, iliyowekwa kiwandani pamoja na namba zake, ilisalia, na orodha yake ikachapishwa Ujerumani mwaka 1989. Tangu hapo umbo linaweza kulinganishwa na mkato wake, na majagi mengi yamenyang'anywa jina. Wenye majagi waliumia. Vioo havikupungukiwa na uzuri wowote, na kazi ya Kralik imeanza kutazamwa kwa haki yake.

Karatasi za namna hiyo ni chache kuliko zingeweza kuwa. Wengi wa mafundi na wenye viwanda wa milima hii walikuwa wasemaji wa Kijerumani, na baada ya vita, 1945 na 1946, walifukuzwa nchini. Baadhi ya watu wa Jablonec walianzisha makazi mapya Bavaria, Neugablonz, wakaendelea na kazi yao. Viwanda vilitaifishwa, na vitabu vya vielelezo vikatawanyika au kupotea. Ndiyo maana utakutana na miji yenye majina mawili: Haida ni Nový Bor, Steinschönau ni Kamenický Šenov, Gablonz ni Jablonec, na mtafutaji asiyejua yote mawili hukosa nusu ya maandishi.

Jablonec ndio mji wa Bohemia uliofika mbali kuliko yote bila kutajwa, kwa njia ya ushanga. Shanga ndogo wanazoshona wanawake wa Kimaasai wa Kenya na Tanzania zimetoka kwa miongo mingi kwenye viwanda vya eneo hilo. Punje moja ya ushanga haina nafasi ya saini. Hutambuliwa kwa tundu lake, ukingo wake na rangi yake ikilinganishwa na kadi za vielelezo ambazo mawakala walipeleka kwa wanunuzi, na Makumbusho ya Vioo na Vito ya Jablonec yana hazina kubwa ya vitu hivyo.

Ukishamaliza kuhoji, andika kadi yako kwa kiasi cha ulichokiona. "Kioo cha potashi, rangi nyekundu ya kupakwa na kuchomwa, uchongaji wa gurudumu, mdomo uliosuguliwa, kaskazini mwa Bohemia, huenda Nový Bor, 1840 hadi 1860." Hiyo ni kadi ya heshima. Chini yake weka picha nne: mdomo kwa karibu, kitako chenye mikwaruzo, ukingo wa tabaka la rangi ulipokatwa, na kioo kizima chini ya taa ya urujuanimno. Kwa picha hizo mtunzaji wa makumbusho ya Passau, Prague au Nový Bor anaweza kukusaidia akiwa mezani kwake. Picha ya bilauri nzima imesimama juu ya kitambaa cha mahameli haimwambii kitu.